Fahamu jinsi uendelevu wa chuo kikuu unavyopimwa na kufuatiliwa

Na Mwandishi Wetu

CHUO kikuu ni mji mdogo. Kina mabweni yanayolaza maelfu ya watu, majiko yanayowashwa kabla ya alfajiri, maabara zenye kemikali, zahanati, magari, bustani, visima na jenereta. Tofauti yake na miji mingine ni kwamba mji huu una mwenye nyumba mmoja, naye ndiye anayelipa bili za umeme na maji, anayenunua dizeli, anayeajiri wazoa taka na anayeamua jengo jipya lisimame wapi.

Kwa sababu hiyo, wataalamu wa mazingira huviona vyuo vikuu kuwa mahali panapofaa kupima kama jamii inaweza kuishi bila kumaliza rasilimali zinazoitegemeza. Suala hilo si la kitaaluma peke yake. Kila lita ya maji inayovuja usiku na kila uniti ya umeme inayowasha taa za kumbi tupu hulipwa kwa fedha ambazo zingenunua vitabu, vifaa vya maabara au magodoro ya mabweni.

Makala haya yanaeleza uendelevu wa chuo kikuu hupimwa vipi, takwimu zake hufuatiliwa namna gani, na kwa nini chuo kinaweza kupata nafasi nzuri katika orodha za kimataifa huku wanafunzi wake wakiendelea kubeba ndoo.

Chimbuko la dhana

Mjadala wa kimataifa kuhusu mazingira ulipata sura rasmi katika mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Stockholm, Sweden, mwaka 1972. Mwaka huohuo liliundwa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP), ambalo makao yake makuu yako Nairobi.

Mwaka 1987 tume iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Norway, ilitoa fasili ambayo hadi leo ndiyo msingi wa mijadala mingi: kwamba maendeleo endelevu ni yale yanayokidhi mahitaji ya kizazi cha sasa bila kukinyima kizazi kijacho uwezo wa kukidhi mahitaji yake.

Vyuo vikuu viliingia katika suala hili kwa pamoja mwezi Oktoba 1990, pale wakuu wa vyuo 22 walipokutana katika mji wa Talloires, Ufaransa, kwa mwaliko wa Jean Mayer, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha Tufts cha Marekani. Walitoa tamko lenye mambo kumi ya kutekelezwa, likiwamo lile la kuvifanya vyuo vyenyewe viwe mfano wa matumizi mazuri ya rasilimali.

Barani Afrika, UNEP ilianzisha mwaka 2004 mpango wa kuingiza masuala ya mazingira na uendelevu katika vyuo vikuu, unaojulikana kwa kifupi kama MESA. Nchini Kenya, Mtandao wa Vyuo Vikuu vya Kijani uliundwa mwaka 2016.

Hata hivyo, tamko si kipimo. Tamko la Talloires lilieleza nia, lakini halikusema chuo kitajuaje kwamba kimesonga mbele au kimerudi nyuma. Miaka iliyofuata ilitumika kulijibu swali hilo.

Mipaka na mwaka wa msingi

Hatua ya kwanza ya upimaji ni kuweka mipaka. Chuo huamua ni majengo gani yanahesabiwa, kama nyumba za watumishi zimo, kama hospitali ya kufundishia imo, na kama maduka na migahawa ya wapangaji ndani ya eneo la chuo imo. Hakuna jibu moja lililo sahihi kwa vyuo vyote. Lililo la lazima ni kwamba mipaka iandikwe, na isibadilishwe kimyakimya mwaka unaofuata.

Chuo kinachohesabu hospitali yake mwaka huu na kuiondoa mwaka ujao kitaonekana kimepunguza matumizi ya umeme kwa kiasi kikubwa, ilhali hakuna hata taa moja iliyozimwa.

Hatua ya pili ni kuchagua mwaka wa msingi, yaani mwaka ambao takwimu zake zitalinganishwa na za miaka yote itakayofuata. Mwaka huo unapaswa kuwa wa kawaida. Mwaka 2020, kwa mfano, haufai. Kutokana na ugonjwa wa UVIKO-19, vyuo vya Tanzania vilifungwa mwezi Machi mwaka huo na kufunguliwa tarehe 1 Juni, na nchini Kenya masomo ya ana kwa ana yalianza kurejea kwa awamu kuanzia Oktoba. Chuo kinachotumia mwaka huo kuwa msingi kitajiona kinafuja kila mwaka unaofuata. Chuo kinachousifu mwaka huo kuwa wa mafanikio kitakuwa kinasifu mabweni matupu.

Umeme na mafuta

Nishati ndiyo sehemu ambayo vyuo vingi huanza nayo kwa sababu ina bili. Lakini bili pekee haitoshi. Vyuo vingi vina mita moja kubwa kwenye kituo cha kupokelea umeme, na kutoka hapo umeme husambaa kwenda kila jengo bila kipimo kingine. Uongozi hujua chuo kimetumia uniti ngapi kwa mwezi, lakini haujui kama zimetumiwa na maktaba, maabara, pampu za maji au viyoyozi vya ofisi.

Dawa yake ni mita ndogo katika kila jengo kubwa. Mita hizo si lazima ziwe za kisasa zinazotuma takwimu zenyewe kwa intaneti. Mita ya kawaida inayosomwa na fundi siku ileile ya kila mwezi na kuandikwa kwenye daftari hutoa taarifa za kutosha kugundua jengo linalokula umeme kupita mengine.

Kuna tahadhari katika maeneo yanayotumia umeme wa kulipia kabla, kama vile mita za LUKU nchini Tanzania. Risiti ya uniti zilizonunuliwa mwezi Juni haionyeshi umeme uliotumika mwezi Juni, kwa kuwa huenda uniti hizo zikatumika Julai na Agosti. Kinachopaswa kuandikwa ni usomaji wa mita.

Mafuta ya jenereta nayo husahaulika kwa urahisi. Tuseme chuo kinatumia lita 200 za dizeli kwa wiki katika wiki 40 za masomo. Hizo ni lita 8,000 kwa mwaka. Kila lita ya dizeli inapoungua hutoa takribani kilo 2.7 za hewa ukaa, kwa hiyo jenereta hiyo peke yake hutoa zaidi ya tani 21 kwa mwaka. Bila daftari la mafuta linaloonyesha tarehe, lita na saa jenereta ilizofanya kazi, kiasi hicho hakionekani popote, na mwanya wa wizi wa mafuta nao hauonekani.

Kenya iliweka jambo hili kisheria. Kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 ziliyataka majengo na viwanda vinavyotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka vifanyiwe ukaguzi wa nishati angalau mara moja kila miaka mitatu. Chuo kikuu cha ukubwa wa wastani hufikia kiwango hicho bila shida.

Daftari la gesijoto

Takwimu za nishati zikishapatikana, hugeuzwa kuwa kiasi cha gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto duniani. Utaratibu unaofuatwa na vyuo vingi ni ule uliotolewa mwaka 2001 na taasisi mbili za kimataifa, World Resources Institute na World Business Council for Sustainable Development. Utaratibu huo unagawa gesijoto katika mawanda matatu.

Wanda la kwanza ni gesi zinazotoka katika vyombo vya chuo chenyewe: jenereta, magari ya chuo, majiko ya gesi, na gesi za viyoyozi zinazovuja. Hizi za mwisho hudharauliwa mno. Kilo moja ya gesi ya R-410A, iliyotumika sana katika viyoyozi vya kisasa, huongeza joto takribani mara 2,000 kuliko kilo moja ya hewa ukaa. Fundi anayejaza gesi katika kiyoyozi kilekile kila baada ya miezi michache, bila kuziba tundu, anafanya kosa lenye uzito wa maelfu ya kilo za hewa ukaa.

Wanda la pili ni gesi zinazotokana na umeme ulionunuliwa. Hapa jibu hutegemea nchi. Umeme wa Kenya hutoka kwa sehemu kubwa katika jotoardhi, maji na upepo, na ule wa Afrika Kusini hutoka kwa sehemu kubwa katika makaa ya mawe. Uniti ileile moja, kwa hiyo, hubeba mzigo tofauti wa hewa ukaa Nairobi na Johannesburg.

Mzigo huo hubadilika hata ndani ya nchi moja. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme katika gridi ya Tanzania mwaka 2024 kwa mtambo wake wa kwanza. Umeme wa maji ukiongezeka katika gridi, hesabu ya gesijoto ya kila chuo nchini hushuka bila chuo hicho kufanya lolote. Ndiyo maana taarifa makini hutenganisha upungufu uliotokana na juhudi za chuo na ule ulioletwa na gridi.

Wanda la tatu ni gesi zinazotokana na shughuli za chuo lakini zinatoka mahali pengine: safari za wanafunzi na watumishi kuja chuoni, safari za ndege za wahadhiri, bidhaa zinazonunuliwa na taka zinazopelekwa dampo. Wanda hili ni gumu kupima na mara nyingi ndilo kubwa kuliko yote.

Maji

Katika maeneo mengi ya Afrika Mashariki, maji ndiyo kipimo kinachogusa maisha ya mwanafunzi kuliko vyote. Chuo huweza kuwa na vyanzo vinne kwa wakati mmoja: mamlaka ya maji, kisima, mvua inayovunwa kutoka mapaani na maboza yanayoitwa wakati wa dhiki. Bili ya mamlaka huonyesha chanzo kimoja tu. Kisima kisicho na mita huonekana kama maji ya bure, ingawa pampu yake inakula umeme na maji ya ardhini hayajai kwa kasi ile yanavyovutwa.

Njia rahisi ya kugundua uvujaji ni kusoma mita kati ya saa nane na saa kumi usiku, wakati watu wengi wamelala. Tuseme mita ya bweni inaonyesha lita 500 kwa saa katika muda huo. Ikiwa matangi yamejaa na hakuna anayeoga wala kufua, maji hayo yanapotea katika vyoo vinavyovuja au mabomba yaliyopasuka. Kwa mwezi wa siku 30, hizo ni lita 360,000. Kipimo kama hicho hakihitaji mtaalamu kutoka nje. Kinahitaji mlinzi wa zamu, tochi na kalamu.

Cape Town, Afrika Kusini, ilionyesha thamani ya kujua matumizi kabla ya dhiki kufika. Katika ukame uliofikia kilele chake mwaka 2018, wakazi wa mji huo, vikiwamo vyuo vyake, waliwekewa kikomo cha lita 50 kwa mtu kwa siku kuanzia tarehe 1 Februari mwaka huo. Taasisi isiyojua bweni lipi linatumia kiasi gani haiwezi kugawa kikomo kama hicho kwa haki.

Taka na jikoni

Taka hupimwa kwa kilo, si kwa idadi ya safari za lori, kwa kuwa lori huweza kwenda dampo likiwa nusu tupu. Njia inayotumika ni ukaguzi wa taka: kwa wiki nzima, taka za majengo kadhaa hukusanywa, hutenganishwa katika mafungu ya chakula, karatasi, plastiki, chuma, kioo na takataka nyingine, kisha kila fungu hupimwa kwenye mizani. Ukaguzi hurudiwa wakati wa masomo, wakati wa mitihani na wakati wa likizo, maana taka za misimu hiyo hazifanani.

Matokeo huongoza maamuzi. Chuo kinachogundua kwamba sehemu kubwa ya taka zake ni maganda na makombo kitapata faida zaidi kwa kutengeneza mboji au bayogesi kuliko kwa kununua mapipa ya rangi ya kutenganishia chupa. Taka za maabara na zahanati huwa na daftari lake, kwa kuwa hatari yake haipimwi kwa uzito.

Jikoni kuna kipimo kingine ambacho orodha za kimataifa hazikipi uzito: kuni na mkaa. Mwaka 2023 Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache nishati hizo, na mwezi Mei 2024 ukazinduliwa mkakati wa taifa unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Chuo kinachotaka kuonyesha kwamba kimetii kinapaswa kujua kilikuwa kikichoma mita ngapi za ujazo za kuni kabla ya mabadiliko, zikiwamo zile za mama lishe wanaohudumia wanafunzi ndani ya uzio.

Usafiri

Magari ya chuo hupimwa kwa daftari la mafuta. Safari za wanafunzi na watumishi hupimwa kwa dodoso linalouliza mtu anaishi wapi, anakuja kwa daladala, bodaboda, gari binafsi au miguu, na mara ngapi kwa wiki. Majibu hayo huhakikiwa kwa kuhesabu magari na watu langoni kwa siku chache, kwa sababu anayejaza dodoso hupenda kuonekana mwema.

Takwimu hizi hufungua maswali ya haki pia. Iwapo wanafunzi wengi wanasafiri saa mbili kila siku kwa kukosa nafasi bwenini, kujenga mabweni ni hatua ya mazingira sawasawa na kuweka paneli za jua.

Jumla au kwa kila mwanafunzi

Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata mabweni mapya 20 yenye uwezo wa kulaza wanafunzi 3,840. Ongezeko kama hilo lazima liongeze matumizi ya maji na umeme ya chuo chochote. Chuo kikitazama jumla pekee, kitaonekana kimerudi nyuma. Kikitazama wastani wa kila mwanafunzi pekee, kitaonekana kimeendelea hata pale mto au kisima kinachokihudumia kinapokaribia kukauka.

Kwa hiyo taarifa nzuri hutoa namba zote mbili kwa kila kipimo: jumla, na wastani kwa kila mtu au kwa kila mita ya mraba ya majengo. Jumla ndiyo inayoonwa na mazingira, na wastani ndio unaoonyesha kama uongozi unasimamia vizuri.

Mizani za kimataifa

Ipo mifumo kadhaa inayolinganisha vyuo. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Indonesia kilianzisha orodha ya UI GreenMetric, iliyokuwa na vyuo 95 kutoka nchi 35 katika mwaka wake wa kwanza na kukua kufikia zaidi ya vyuo elfu moja. Kwa miaka mingi orodha hiyo imegawa alama katika vigezo sita: mazingira ya eneo na miundombinu asilimia 15, nishati na mabadiliko ya tabianchi 21, taka 18, maji 10, usafiri 18, elimu na utafiti 18.

Mwaka huohuo wa 2010 chama cha AASHE cha Marekani kilizindua rasmi mfumo wa STARS. Mfumo huu haupangi vyuo kwa nafasi bali huvipa daraja la shaba, fedha, dhahabu au platinamu kwa kadiri ya alama. Daraja hudumu kwa miaka mitatu, na taarifa kamili huwekwa hadharani ili yeyote aisome. Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado kilikuwa cha kwanza kupata platinamu, mwaka 2015.

Jarida la Times Higher Education la Uingereza nalo lilianza mwaka 2019 kutoa orodha inayopima mchango wa vyuo katika Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa. Chuo Kikuu cha Auckland cha New Zealand kiliongoza mwaka huo wa kwanza.

Mifumo hii ina manufaa. Inavilazimisha vyuo kukusanya takwimu, na inampa ofisa wa mazingira hoja ya kumpelekea Makamu Mkuu wa Chuo. Lakini ina mipaka miwili ambayo msomaji anapaswa kuijua.

Kwanza, takwimu hutolewa na vyuo vyenyewe. Chuo chenye ofisi kubwa ya kuandika taarifa huweza kukipita chuo chenye matendo mengi na makaratasi machache. Pili, uzito wa vigezo huwekwa kwa ajili ya dunia nzima. Maji yanayopewa asilimia 10 huenda yakawa ndiyo suala la kwanza katika chuo kilichopo Dodoma au Garissa. Chuo kinachofuata orodha peke yake kitapanda miti inayoonekana kwenye picha na kuacha bomba linalovuja chini ya ardhi.

Ahadi zilizopimwa

Vipo vyuo ambavyo safari yake inaweza kufuatwa kwa namba. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilijiwekea lengo la kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 ifikapo mwaka 2016, kwa kulinganisha na mwaka 2006, ongezeko la majengo likiwa ndani ya hesabu. Mwaka 2016 kilitangaza kwamba kimelifikia.

Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, kilitangaza mwaka 2010 kwamba kingepunguza gesijoto kwa asilimia 33 kutoka kiwango cha mwaka 2007. Vipimo viliwaonyesha wahandisi wake kwamba mfumo wa kupasha majengo joto kwa mvuke ulikuwa ukipoteza nishati nyingi. Mfumo huo ulibadilishwa kuwa wa maji ya moto, na kazi ikakamilika mwaka 2015. Kazi hiyo ilikuwa ya kuchimba mitaro na kubadili mabomba, nayo ndiyo iliyoleta sehemu kubwa ya mafanikio.

Mfumo wa Chuo Kikuu cha California ulipita njia nyingine. Mwaka 2013 ulitangaza kwamba ungefikia hali ya kutoongeza hewa ukaa ifikapo mwaka 2025. Baada ya mjadala mkali miongoni mwa wahadhiri na wanafunzi kuhusu kununua vibali vya kufidia hewa ukaa badala ya kupunguza uchomaji wa gesi katika mitambo ya vyuo vyenyewe, mwaka 2023 lengo lilibadilishwa: kupunguza gesijoto kwa angalau asilimia 90 ifikapo mwaka 2045. Kwa sababu takwimu zilikuwa wazi, jamii ya vyuo hivyo iliweza kutofautisha upungufu wa kweli na ule wa kununuliwa.

Nairobi, Chuo Kikuu cha Strathmore kiliweka mwaka 2014 mitambo ya umeme wa jua yenye uwezo wa kilowati 600 juu ya mapaa yake. Mitambo ya namna hiyo hufundisha mara mbili: huzalisha umeme unaosomeka kwenye mita kila siku, na huwa darasa kwa mafundi wanaojifunza kuifunga na kuitunza.

Takwimu zinapowafikia wakazi

Takwimu zinazobaki kabatini hazibadili tabia. Mwaka 2005 Chuo cha Oberlin katika Jimbo la Ohio, Marekani, kiliendesha shindano la wiki mbili baina ya mabweni, huku wanafunzi wakionyeshwa matumizi yao ya umeme na maji. Matumizi ya umeme yalishuka kwa asilimia 32 kwa jumla, na katika mabweni yaliyoonyeshwa takwimu papo kwa papo yalishuka kwa asilimia 55. Maji yalishuka kwa asilimia 3 tu.

Matokeo hayo yana mafunzo mawili. Watu hubadilika wanapoona namba inayowahusu wao, bweni lao na wiki yao. Lakini si kila kitu hubadilika kwa kuhamasisha, na kwa hiyo vipimo vinapaswa kusema pia ni wapi tabia inatosha na ni wapi inahitajika kazi ya fundi.

Nani ashike daftari

Mipango mingi ya vyuo hufa kwa sababu za kawaida. Mradi wa wafadhili huisha, ofisa aliyejua kusoma mita huhamishwa, kompyuta yenye takwimu huharibika, na mwaka unaofuata kazi huanza upya. Ufuatiliaji unaodumu huwa na mambo machache yaliyo wazi: mtu mmoja mwenye dhamana katika idara ya miliki, siku maalumu ya kusoma mita, nakala ya takwimu katika ofisi ya fedha ili zilinganishwe na malipo, ukaguzi wa mara kwa mara unaofanywa na watu wa nje ya idara hiyo, na taarifa ya kila mwaka inayobandikwa mahali wanafunzi wanapopita.

Wanafunzi wenyewe ni nguvu kazi iliyopo. Wa uhandisi huweza kukagua pampu, wa takwimu kusanifu dodoso, wa uhasibu kulinganisha bili na usomaji wa mita. Kazi hizo zikiwa sehemu ya masomo yenye alama, daftari hupata waandishi wapya kila mwaka, na kila kundi linalohitimu huondoka likijua kupima kile litakachokuja kukisimamia wizarani, viwandani na katika halmashauri.

Mzazi, mlipakodi au mwanafunzi anayetaka kujua kama chuo chake kinatunza rasilimali anaweza kuuliza maswali matatu mepesi. Chuo kilitumia maji na umeme kiasi gani mwaka jana? Kiasi hicho ni zaidi au pungufu ya mwaka wa msingi, na kwa sababu gani? Na nani aliyehakiki namba hizo? Chuo kinachojibu yote matatu bila kupekua mafaili kwa wiki nzima kimeshaanza kazi, hata kama hakimo katika orodha yoyote.